Uzi: Makaa ya shambani yasigeuzwe kibali cha kuchoma makaa ya mawe

#1 Mkulima wa Waithaka

Wadau, kila bei ya stima inapopanda, mpango wa mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu na ule wa machimbo ya Mui kule Kitui hufufuliwa. Utaambiwa nchi haiwezi kujenga viwanda kwa mvuke wa ardhini na upepo, kwamba kuna makaa ya mawe chini ya ardhi ya Kitui na sisi tumeyakalia tu. Hayo tumeyazoea. Lakini siku hizi hoja hiyo inakuja na mwenzake, na huyo mwenzake ndiye amenifanya nianzishe uzi huu. Wanasema: tuchome, kisha tufidie. Wakulima wapewe pesa wazike makaa mashambani, kaboni ikae udongoni, hesabu itoke sawa.

Mimi nalima mboga huku Waithaka kwenye kipande cha kukodi. Makaa yamo shambani mwangu na nayaamini. Ndiyo sababu siwezi kunyamaza nikiona yanatafutiwa kazi hiyo.

Kwa asiyejua habari yenyewe: ukichoma magunzi ya mahindi au makapi ya kahawa mahali penye hewa kidogo, hayaishii kuwa jivu. Gesi hutoka na kuwaka, na kinachobaki ni makaa mepesi yenye vitundu vidogo mno. Wataalamu huyaita bayocha. Karibu nusu ya kaboni iliyokuwa kwenye mmea hubaki humo, na ukiifukia inaweza kukaa mamia ya miaka. Gunzi hilo hilo likiachwa lioze, karibu kaboni yake yote inarudi hewani baada ya miaka michache.

Wenyeji wa Amazon walikuwa wakirundika makaa, mifupa na taka za jikoni kwenye mashamba yao kabla Wazungu hawajafika huko, na udongo ule mweusi una rutuba mpaka leo, katikati ya ardhi iliyo maskini. Mmoja wa watu walioufanya ulimwengu wa sayansi uutazame ni Wim Sombroek, Mholanzi aliyeandika juu ya udongo wa Amazon mwaka 1966. Wengi hapa Nairobi hawajui kwamba mtu huyo alifanya kazi na sisi. Aliongoza mradi wa uchunguzi wa udongo wa Kenya, na ramani ya udongo ya nchi nzima iliyotolewa mwaka 1982 ina jina lake. Kwa hiyo atakayewaambia kwamba utafiti huu ni mgeni hapa, mjibuni.

Tena majaribio yamefanyika kwetu. Magharibi mwa nchi, James Kimetu na wenzake walichagua mashamba yaliyokatwa msituni nyakati tofauti, mengine miaka michache iliyopita, mengine karibu karne nzima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Pale udongo ulipochoka kabisa, mahindi yaliongezeka karibu maradufu baada ya kutiwa makaa. Pale msitu ulipokatwa juzi, nyongeza ilikuwa ndogo. Halafu kuna jaribio la miaka 10 la mahindi na soya lililochapishwa mwaka 2019, ambapo mavuno yaliendelea kuwa juu muda wote huo ingawa makaa yalitiwa mwanzoni tu. Mbolea ya dukani ukiikosa msimu mmoja, shamba linakuonyesha mara moja.

Sasa tazameni kipimo, maana hapa ndipo wengi wanaruka. Katika jaribio hilo la miaka 10 makaa yalimwagwa kwa makumi ya tani kwa hekta. Nani kati yetu ana makumi ya tani? Mkulima wa Vihiga mwenye nusu ekari atayatoa wapi? Watafiti hawakukosea, walitaka kuona mwisho wa jambo. Lakini mtu wa sera akisoma hitimisho bila kusoma kipimo, atakuja kutuahidi mbingu.

Na ahadi tunazo nyingi. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ni ya mwaka 2016. Tumeiahidi dunia kwamba kufikia 2030 tutapunguza gesi joto kwa asilimia 32 chini ya pale ambapo zingefika tukiendelea kama kawaida. Septemba 2023 marais wa Afrika walikaa kwenye jumba la mikutano la KICC na kutoa Azimio la Nairobi kuhusu tabianchi. Kuna miti bilioni 15 ya kupandwa ifikapo 2032. Nchi yenye maneno hayo kinywani haiwezi tena kuwasha mtambo wa makaa ya mawe na kusema udongo utafidia.

Australia walishapita njia hii. Mwaka 2012 waliweka bei kwa kila tani ya kaboni ambayo viwanda vikubwa vinatoa. Julai 2014 serikali nyingine ikaifuta, na badala yake ikatenga mfuko wa dola za kwao bilioni 2.55, ambao miongoni mwa mambo mengine ungewalipa wakulima kutunza kaboni kwenye udongo na miti. Wachafuzi walikuwa wakilipa, sasa mlipa kodi akawa analipa. Februari 2017 waziri wao wa fedha, Scott Morrison, akaingia bungeni na bonge la makaa ya mawe mkononi, akawaambia wabunge wasiliogope. Mwaka uliofuata akawa waziri mkuu. Kuna wakulima wa huko waliofanya kazi nzuri ya udongo kwa dhati, na watafiti wao wa bayocha ni hodari. Lakini kazi yao ilitumiwa kama pazia, na meli za makaa ya mawe zikaendelea kung'oa nanga.

Ninachotaka tujadili ni hiki: tunapataje makaa mashambani bila kumpa mtu yeyote kibali cha kuchoma makaa ya mawe?

#2 Mama Mboga Kangemi

Mwanangu, umeandika vizuri lakini mimi naona jambo moja umelipita. Mimi hununua makaa kwa mkebe. Walipozuia ukataji miti mwaka 2018, na Kitui wakafunga barabara kwa malori ya makaa mwaka huo huo, bei ilipanda na sisi tunaopika ndio tuliumia. Sasa unaniambia makaa yazikwe shambani. Yakizikwa, mimi nitapikia nini? Na miti itakayokatwa ni ya nani? Wateja wangu wakiona sukuma imepanda hawatauliza habari ya kaboni, watahamia kwa jirani.

#3 Mkulima wa Waithaka

Mama, swali lako ndilo linalotakiwa kuulizwa kwanza bungeni. Makaa ya miti yasiguswe. Anayekata mgunga wa miaka 40 Kajiado auchome, kisha auzike Kiambu, amefanya uharibifu mara mbili. Yale matanuri ya udongo kule porini hutoa kilo 10 hadi 20 tu za makaa kwa kila kilo 100 za kuni, na moshi wake una methani, ambayo kwa miaka 20 ya kwanza inapasha joto zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dioksidi. Kuyazika hayo makaa hakufuti ule moshi.

Mimi nasema taka. Mwea kuna milima ya makapi ya mpunga ambayo mara nyingi huchomwa ovyo kando ya mashine. Viwanda vya kukoboa kahawa vina makapi. Magamba ya makadamia yapo Murang'a na Embu. Na kuna mathenge. Wale wa Baringo waliuchukia mti huo hadi wakampeleka mbuzi asiye na meno mahakamani kuonyesha ulivyowaharibia mifugo. Uliletwa kuzuia jangwa, ukageuka msitu wa miiba usiopitika. Ukikata huo, hakuna atakayelia.

#4 Mhandisi wa Athi

Ndugu yangu, nakuheshimu kwa kilimo chako, lakini kwenye kawi tuzungumze bila hisia. Kenya inachangia sehemu ndogo mno ya gesi joto duniani. Uingereza, Ujerumani, Marekani na Uchina zote zilipanda kwa makaa ya mawe. Sisi tukitaka kupanda, ngazi imeondolewa, na tunaombwa kupiga makofi.

Mimi nafanya kazi kwenye simiti. Tanuri la simiti linataka joto la zaidi ya nyuzi 1,400, na hapa Athi River na Mombasa joto hilo linatoka kwa makaa ya mawe yanayoletwa kwa meli. Kila jengo mnaloliona Kilimani limepitia hapo. Kwa hiyo anayesema Kenya haitumii makaa ya mawe anakosea. Tunayatumia, tena tunayanunua kwa dola, na ya Mui yamelala.

Halafu jioni watu wote wakirudi nyumbani wakawasha taa, upepo wa Turkana unaweza kuvuma au usivume. Mtambo wa uhakika unahitajika. Na kama huo mtambo unaweza kulipa wakulima wazike kaboni, kwa nini tusifanye yote mawili?

#5 Binti Amu

Mimi ni mtu wa Lamu, naishi South B. Nimesoma huu uzi tangu juu, nikasema leo sinyamazi.

Huo mtambo wa megawati 1,050 ulikuwa ujengwe Kwasasi. Wanaouzungumza wakiwa Nairobi wanaziona megawati. Sisi tunawaona wazee wa ngalawa ambao maisha yao yote wamevua kwenye maji yale. Mtambo wa namna ile hunyonya maji ya bahari kupoza mashine na kuyarudisha yakiwa na joto. Kamba na samaki wachanga wanakulia kwenye mikoko, na mikoko ya kaunti yetu ndiyo mingi kuliko yote nchini. Jivu lake nalo lilikuwa lirundikwe hapo hapo, upepo ukivuma unajua linaelekea wapi. Mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Kuta zile ni za matumbawe na chokaa, hazikujengwa kustahimili mvua yenye asidi.

Juni 26, 2019, jopo la mazingira lilifuta leseni. Lilisema umma haukushirikishwa ipasavyo, na tena likasema tathmini ya mradi haikuizingatia ile sheria ya tabianchi ya 2016. Hukumu hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Ni watu wa Lamu waliokwenda mahakamani, wengine hawajawahi kupanda lifti, wakakaa wakasikiliza Kiingereza cha wanasheria siku baada ya siku. Mwaka uliofuata benki kubwa ya China iliyotegemewa kutoa mkopo ikajiondoa.

Kaka Mhandisi, unauliza kwa nini tusifanye yote mawili. Huko kuzika kaboni kutafanyika wapi? Nandi? Embu? Na jivu litabaki wapi? Amu. Mtu wa bara atalipwa kwa makaa yake shambani, na mimi nitakohoa. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mvuke wa ardhini wa Olkaria tunao.

#6 Mkulima wa Waithaka

Dada, umesema jambo ambalo hesabu yoyote ya tani haiwezi kulisema. Asante.

Mhandisi, nakujibu kwa hesabu kwa kuwa umeomba hesabu. Chukua mtambo wa megawati 1,050, ufanye kazi asilimia 70 ya mwaka. Unapata umeme wa saa-megawati milioni 6.4 (saa-megawati ni megawati moja kwa saa moja). Kila saa-megawati ya makaa ya mawe, hata kwa mashine nzuri, hutoa kama tani 0.9 za kaboni dioksidi. Hiyo ni karibu tani milioni 6 kila mwaka.

Tani moja ya makaa ya shambani, ukitoa jivu na ile sehemu itakayooza mapema, tuseme inazuia tani 2.5 za kaboni dioksidi. Nimekuwa mkarimu. Basi unahitaji zaidi ya tani milioni 2.3 za makaa kila mwaka, na ili kuyapata unahitaji kama tani milioni 9 za takataka kavu za mimea. Nchi nzima mwaka wa wastani inavuna kama magunia milioni 40 ya mahindi ya kilo 90. Magunzi yake, kwa makadirio ya moja ya tano ya uzito wa nafaka, hayafiki tani milioni moja. Kusanya kila gunzi kutoka Kitale hadi Taita, mnyang'anye kila mama anayelitumia kuwashia moto, bado hujafidia hata miezi miwili ya mtambo mmoja.

Na ufidiaji wenyewe ni wa mwaka huo tu. Mwaka ujao unaanza tena, kwa miaka 25 au 30 ambayo mtambo umejengwa kuishi.

Habari ya jioni: kama asilimia 40 ya stima yetu inatokana na mvuke wa ardhini, ambao hauulizi kama jua limetua. Olkaria imekuwa ikizalisha tangu 1981. Usiku wa manane matumizi yakishuka, mvuke mwingine huachiwa hewani kwa kukosa mtumiaji. Kumbuka pia upepo wa Turkana. Mitambo ya megawati 310 ilikuwa tayari mwaka 2017, waya wa kuileta stima Suswa ukakamilika 2018, na katikati hapo tulilipa fidia kwa stima ambayo haikutufikia. Shida yetu kubwa iko kwenye nyaya na mikataba. Mkataba wa Lamu nao ulikuwa wa aina hiyo hiyo, kulipia uwezo wa mtambo hata usipotumika. Mama Mboga angeulipia kwenye tokeni zake za stima.

Kwenye simiti nakubaliana nawe, tena hapo ndipo ningependa utaalamu wako. Joto hilo ni gumu kulipata kwingine. Makapi ya mpunga na magamba ya korosho yanaweza kuingia kwenye tanuri kwa sehemu fulani, na vumbi la volkano linaweza kupunguza kiasi cha klinka, yale mawe yanayotoka kwenye tanuri na kusagwa kuwa simiti. Lakini basi tuseme wazi: hayo makapi yakienda kwenye tanuri, hayaendi shambani. Mtu wa sera asiyahesabu mara mbili.

#7 Fundi wa Kamukunji

Mimi si msomi, ni mtu wa bati na nyundo. Nimetengeneza majiko tangu nikiwa kijana hapa Kamukunji, lile la kauri ambalo kila nyumba inalo, lililoanza miaka ya themanini. Sasa kuna jiko lingine ambalo linahusu moja kwa moja jambo mnalojadili.

Ni mkebe ndani ya mkebe. Unajaza vijiti au magunzi yaliyokauka, unawasha kutoka juu, si chini. Moto unashuka polepole, gesi inapanda na kukutana na hewa inayoingia kwenye matundu ya juu, inawaka samawati kama mtungi wa gesi. Moshi ni kidogo sana. Mama anapika githeri, na chini yanabaki makaa. Hapo ndipo haraka inatakiwa. Moto wa juu ukizimika tu, unamwaga yale makaa kwenye debe la chuma na kufunika kabisa. Ukichelewa ukaanza kutafuta kitambaa cha kushikia, unakuta jivu.

Tatizo langu ni la mwisho. Nimewauzia watu majiko haya wakafurahi. Nikirudi kuwauliza makaa wameyapeleka shambani, wengi wananiambia wameyapikia chai. Na siwalaumu. Makaa mkononi ni pesa, makaa udongoni ni ahadi ya msimu ujao. Kama serikali inataka yazikwe, ilete kitu cha kujaza pengo hilo. Kuna mwaka gunia la mbolea lilikuwa zaidi ya shilingi 6,000 na serikali ikalishusha hadi 2,500 kwa ruzuku. Kwa nini ruzuku hiyo isiwe na mlango wa mtu aliyeleta makaa yake mwenyewe?

Na jiko hili lisipopimwa ubora litaharibiwa jina. Nimeona mengine sokoni matundu yametobolewa kwa kubahatisha, yanatoa moshi kuliko mafiga.

#8 Mwalimu wa Udongo

Nimestaafu ugani. Nimefurahi kuona vijana wanajadili udongo kwa bidii hii, ila niwaombe msiende mbio.

Makaa hayafai kila mahali. Udongo mwekundu wa Kabete, Kikuyu, Murang'a na sehemu kubwa ya magharibi una asidi, hasa pale ambapo mbolea ya DAP imetiwa mwaka baada ya mwaka. Fosforasi hushikwa na chuma na aluminiamu, mmea hauipati. Makaa yana ualkali kidogo, hupunguza asidi hiyo, na vitundu vyake hushika maji na virutubisho visisombwe na mvua. Huko nendeni nayo. Lakini ukienda Kitengela, Embakasi au Mwea kwenye ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika, asidi si shida yake. Kumwaga makaa huko kwa matumaini ya kuongeza mavuno ni kupoteza jasho. Wengine wanahitaji chokaa tu, na chokaa ni rahisi kuliko makaa.

La pili, msitie makaa makavu moja kwa moja. Makaa mapya yana njaa. Yatanyonya nitrojeni iliyopo na mmea wako utageuka manjano wiki za mwanzo, kisha utasema utafiti ni uongo. Yachanganye na samadi au mbolea ya kuku iliyolowana, au yaweke kwenye zizi la ng'ombe yanywe mkojo, ukae nayo wiki kadhaa. Nilipokuwa naingia mashambani niliwaambia wakulima wayamwage mahali ng'ombe analala. Harufu ya zizi ilipungua na mbolea ikawa bora.

La tatu, kuyasaga makaa makavu kunatoa vumbi linaloingia mapafuni. Yalowesheni kwanza.

La nne, na hapa nasema kwa ukali: msichome mbao zilizopakwa rangi, plastiki, wala takataka za Dandora mkaita bayocha. Metali za sumu kama risasi na kadimiamu haziishi kwa moto. Ukishazitia shambani, huzitoi tena.

#9 Wakili wa Ngara

Naongeza upande wa sheria, kwa kuwa wakulima wataanza kuletewa karatasi za kusaini, na wengine tayari wameletewa.

Sheria ya tabianchi ilirekebishwa mwaka 2023, na kanuni za masoko ya kaboni, yaani biashara ya kulipwa kwa kaboni uliyoizuia, zikatoka 2024. Kwa miradi inayotegemea ardhi ya jamii, sheria inataka jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Kwa miradi isiyotegemea ardhi ni asilimia 25. Lazima kuwe na makubaliano ya maendeleo na jamii, na mradi usajiliwe. Sasa jiulize: jiko linalotoa makaa ni mradi wa ardhi au si wa ardhi? Makaa yakitengenezwa kiwandani Thika na kumwagwa shambani Nyeri, asilimia ni ipi, na jamii ni ipi? Watu watazozana hapo, na mkulima ndiye asiye na wakili.

Mambo ya kutazama kabla ya kusaini: mkataba ni wa miaka mingapi, nani anamiliki haki ya kaboni, nani anapima, na ukiuza shamba au ukifa warithi wako wamefungwa au la. Kule kaskazini, mradi mkubwa wa kaboni ya udongo kwenye malisho umeleta kesi. Mwaka 2025 mahakama ilitamka kwamba hifadhi zilizoanzishwa kwenye ardhi ya jamii huko Isiolo hazikufuata katiba, kwa kuwa wenyeji hawakushirikishwa inavyotakiwa. Wafugaji wale walikuwa na ardhi na mifugo, walichokosa ni maelezo waliyostahili kupewa mapema.

Na kuhusu swali la mwenye uzi. Kwa maoni yangu njia ni kuandika ndani ya kanuni kwamba kaboni ya udongo haiwezi kutumiwa kufidia mtambo mpya wa makaa ya mawe au mafuta, na kwamba madaftari ya mambo haya mawili yatunzwe mbalimbali. Maneno machache tu. Kanuni zinaporekebishwa umma hupewa nafasi ya kutoa maoni kwa maandishi, na barua ya mkulima mmoja inasomwa sawa na ya kampuni.

#10 Mkulima wa Waithaka

Wakili, hicho kifungu ndicho nilichokuwa nakitafuta bila kujua kukisema. Nitakiandika kwenye rasimu na kuileta hapa tuipitie wote kabla ya kuituma. Binti Amu, naomba uandike sehemu ya Lamu kwa maneno yako mwenyewe, mimi sitaigusa. Mhandisi, nitakutumia sehemu ya simiti, uirekebishe kama kuna mahali nimeonea viwanda.

Fundi, hoja yako ya ruzuku inaingia kama ilivyo.

#11 Mhandisi wa Athi

Nitumie. Kuhusu nyaya na mikataba siwezi kukupinga, nimeona stima ikikatika katikati ya kazi huku tukiambiwa kuna ziada. Kwenye msimamo wangu kwamba nchi maskini isifungwe mikono bado nipo. Lakini hesabu yako ya magunzi nimeirudia kwa kalamu yangu, nikaipunguza na kuiongeza, na haibadiliki kiasi cha kuokoa hoja ya kufidia.

#12 Mama Mboga Kangemi

Sawa, nimewaelewa. Mimi nina kipande nyuma ya nyumba, sukuma wiki na managu. Udongo ni mwekundu. Wateja wananipa maganda na mabua ya mahindi bure. Mwalimu, nitajuaje kama shamba langu linahitaji hayo makaa au ile chokaa uliyosema, kabla sijapoteza nguvu?

#13 Mwalimu wa Udongo

Mama, pima udongo kwanza. Tembea shambani kwa kukatakata kama mtu anayekwepa madimbwi, uchimbe sehemu 10 au zaidi, kila mahali kina cha kama sentimita 20. Usichimbe pale ulipolundika samadi au ulipochomea takataka, utajidanganya. Weka udongo wote kwenye ndoo safi ya plastiki, isiwe iliyobeba mbolea, uchanganye vizuri, kisha uchukue kama nusu kilo. Anika kivulini hadi ukauke, usianike juani. Weka kwenye mfuko, andika jina lako, mahali na unachotaka kupanda.

Peleka maabara ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, pale Kabete, kutoka Kangemi ni karibu. Majibu yatakuonyesha pH, kipimo cha asidi; namba ikiwa ndogo, asidi ni nyingi. Ikiwa chini ya 5.5, makaa na chokaa vyote vina kazi shambani kwako. Ikiwa juu ya 6.5, yale mabua yako yatengenezee mboji na makaa uendelee kupikia.